Imana na Imani: Juu ya Hoja Moja ya Kuitetea Dini

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo nilipata kusikia mahubiri yenye hoja hii: Waha humwita Mungu Imana, nasi kwa Kiswahili twasema imani, basi maneno haya ni ndugu, na Waha walikuwa na imani hiyo kabla ya wamisionari kufika. Wasikilizaji walipendezwa. Mimi sikupendezwa.

Imani ni neno la asili ya Kiarabu, jamaa ya amini, amana na amani. Imana ni jina walilo nalo Waha, Warundi na Wanyarwanda. Sauti zimekutana tu. Kijana aliyesoma akiligundua hilo, aweza kuitilia shaka hata Injili kwa kosa la mtetezi wake.

Na hoja iliyo bora ilikuwa karibu. Paulo kule Athene hakuchambua mizizi ya maneno; alianza na madhabahu ya Mungu asiyejulikana, waliyoijenga wenyewe. Hapo jirani, Burundi na Rwanda, watu huitwa Habimana, yaani Mungu yupo. Jina la namna hiyo ni ushuhuda uliokwisha kutolewa na mzazi. Mbele ya mhubiri walikaa wazee wengi wa Kiha. Hakuwauliza majina yao.