Kusafisha Picha na Kusafisha Kadi: Tahakiki ya Kijitabu cha Maelekezo

Katika makala hii tunakusudia kutahakiki lugha ya kijitabu kimoja kilichofasiriwa kwa Kiswahili, ambacho tulikikuta katika studio za picha mjini Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Kijitabu hicho, ambacho hatutamtaja mtungaji wake, kinamwelekeza msomaji afanye nini iwapo programu ya picha inajifunga ghafla wakati wa kuingiza picha kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Huenda wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo, lisilostahili kurasa za istilahi. Sisi tunaona kinyume chake.

Kijana mmoja wa studio mjini Kasulu alitusimulia jinsi alivyokuwa na kadi moja yenye picha za harusi pamoja na picha za wanafunzi waliotaka kujiandikisha kwa mtihani. Programu ilijifunga mara tatu. Akafungua kijitabu, akakuta sentensi hii: "Safisha kadi, kisha anza upya." Akatii, na kadi ikabaki tupu. Tulipofika Kibondo, mpiga picha mmoja wa makamo, aliyeanza kazi hiyo zama za mikanda, alituonyesha sentensi ile ile akasema, "Mimi hapa niligoma. Kadi haisafishwi, kinachosafishwa ni picha." Katika maneno hayo machache mzee wetu alikuwa amekwisha kuifanya kazi ya mhakiki.

1. Kusafisha

Zama za mikanda, picha ilitolewa katika chumba cha giza kwa kutumia dawa, kisha ikaoshwa na kukaushwa. Kutokana na kazi hiyo, kusafisha picha kukapata maana ya kuitoa picha ionekane. Mikanda imekaribia kutoweka, lakini neno halikuondoka nayo: mtu mwenye picha ndani ya simu bado huenda studio "kuzisafisha", yaani kuzipata juu ya karatasi. Kwa hiyo katika ufundi huu kusafisha ni kuleta, wala si kuondoa. Mfasiri wa kijitabu alilichukua neno hilo kutoka nyumbani, ambako kusafisha ni kuondoa uchafu. Kila maana ni Kiswahili safi mahali pake. Kosa ni kuitumia maana ya nyumbani mbele ya fundi, bila kuuliza fundi mwenyewe husemaje. Kijana wa Kasulu hakukosea kusoma; alisoma kwa lugha ya kazi yake.

Wako wafasiri wengine ambao kwa tendo hilo hilo husema "kuumbiza" kadi. Neno hilo limeundwa kwa kufuata kanuni, na mzizi wake wa kuumba ni mzuri. Hata hivyo, kuumba ni kukipa kitu sura. Hakuna ndani yake onyo lolote kwamba kitu kitapotea. Sisi tunapendekeza "futa kadi yote". Kufuta hujulikana na kila mtoto aliyeketi mbele ya ubao, na hakuna anayefuta ubao akitarajia maandishi yazidi kuonekana.

Inafaa pia wafasiri waelewe tendo lenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi kadi inapofutwa kwa njia ya haraka, kinachoondolewa ni daftari linaloonyesha kila picha ilipo. Picha zenyewe huweza kubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Kwa hiyo aliyefuta kwa bahati mbaya aache mara moja kuitumia kadi hiyo, aipeleke kwa fundi mwenye programu ya kuokoa mafaili. Kijitabu hakina hata sentensi moja juu ya jambo hili.

2. Kumbukumbu haitoshi

Neno kumbukumbu limekwisha kubeba mizigo mingi. Karani huandika kumbukumbu za mkutano, maharusi huweka picha za kumbukumbu, na sasa tuna kadi ya kumbukumbu, ambayo mafundi huiita "memori" tu. Kijitabu kinapoeleza kuwa programu hujifunga kwa sababu "kumbukumbu haitoshi", msomaji ataelewa kadi, naye ataanza kufuta picha zilizomo. Kumbe kilichopungua ni nafasi ya kufanyia kazi ndani ya kompyuta, na dawa yake ni kufunga programu nyingine zilizo wazi. Tunapendekeza kusemwa "kumbukumbu ya kompyuta" kwa nafasi ya kufanyia kazi, na "nafasi ya kuhifadhi" kwa diski na kadi. Maneno mawili zaidi hayamchoshi msomaji.

3. Kuanguka na kuingiza

"Programu imeanguka" ni tafsiri ya neno kwa neno. Kwa Kiswahili mwanafunzi huanguka mtihani, na mti huanguka kwa upepo. Mafundi wa Kasulu na Kibondo wana maneno mawili yaliyo bora: programu "imeganda" inapokuwa bado ipo mbele ya macho lakini haiitikii, "imejifunga" inapotoweka. Tofauti hii si ya mapambo. Iliyoganda huenda bado inasoma faili kubwa, na anayechomoa kadi wakati huo anaweza kuliharibu daftari lake. Iliyojifunga huenda imekutana na picha iliyoharibika, au faili la kamera mpya ambalo programu ya zamani hailifahamu.

Kadhalika, kijitabu kinatumia "kuingiza" kwa kadi na kwa picha pia. Kadi na ichomekwe, picha ziingizwe. Tena ielezwe wazi kama picha zinanakiliwa, zikabaki kwenye kadi, au zinahamishwa, zikaondoka.

4. Maelekezo tunayoyapendekeza

Si haki kubomoa bila kujenga. Tungeandika hivi:

(a) Usifute chochote. Programu ikiganda, subiri kwanza.

(b) Ikijifunga, toa kadi kwa utaratibu. Kama kadi ni ile kubwa yenye kitufe pembeni, kisogeze upande wa kufunga ili isiandikwe wala kufutwa.

(c) Chomeka kadi tena. Bila kufungua programu ya picha, fungua folda iitwayo DCIM, ambamo kamera huweka picha zake, na uinakili yote kwenye kompyuta.

(d) Ingiza picha kutoka kwenye nakala hiyo. Programu ikijifunga tena, igawe nakala nusu kwa nusu, ujaribu kila nusu, mpaka uipate picha yenye kasoro.

(e) Kadi isiposomeka, jaribu kisoma kadi kingine au kompyuta nyingine. Kadi zinazozidi GB 32 kwa kawaida hupangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao baadhi ya kompyuta za zamani haziusomi. Huweza kuuliza kama zifute kadi. Jibu ni "Hapana".

5. Hitimisho

Tusimnyime mtungaji sifa anazostahili. Sentensi zake ni fupi, naye ametumia programu, faili na kunakili bila kujitafutia maneno mageni. Wala hatuwezi kusema kuwa Kiswahili kimepungukiwa na istilahi za kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu. Upungufu tuliouona ni wa kuzipima istilahi kwa watumiaji kabla ya kuzichapa. Katika wilaya hizi wengi huzungumza Kiha nyumbani na Kiswahili kazini, na katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wamo Wakongo ambao kwao picha ni "foto". Kijitabu kinachotumwa huko hakina budi kusomwa kwanza na fundi wa huko, mfasiri akiwa kando yake na kalamu mkononi. Siku moja ya kazi hiyo ingetosha kuziokoa picha za harusi ile.