Ufundi Unaolindwa na Mshahara

Kadi za michango ya harusi, vipeperushi vya semina, nembo za vikundi vya kuweka na kukopa, mabango ya saluni na ya maduka ya dawa: kazi nyingi za namna hii katika miji yetu huchorwa usiku, na watu ambao mchana wana mwajiri. Asubuhi ni walimu, wahasibu au wachoraji wa ofisi za matangazo. Jioni hufungua kompyuta zao wenyewe na kuhudumia wateja wao wenyewe. Watu wengi huona kwamba wanatafuta hela ya kuongezea mshahara, na kweli hela hiyo husaidia. Lakini nadhani faida kubwa zaidi hupita njia ya kinyume: mshahara ndio unaoongezea kitu kwenye dizaini. Unampa mchoraji uwezo wa kusema hapana, na bila uwezo huo ufundi huu huharibika upesi.

Ili kuona kwa nini, inatosha kutazama kwa karibu kazi moja ndogo, kadi ya mwaliko. Kiswahili kimejaa herufi W, Y, T na K zilizofuatana na A. Andika WATAWASILI kwa herufi kubwa, utaona W na A zinaegemea upande mmoja na kuacha pengo kati yao, wakati I na L zimesimama wima na kubanana. Fonti nzuri huwa zimerekebishwa ili jozi kama hizo zikae sawa. Fonti nyingi za bure hazijarekebishwa, kwa hiyo mchoraji husogeza herufi moja moja kwa jicho mpaka neno lisomeke kama kitu kimoja. Kisha kuna urefu wa maneno yetu. HAWATARUHUSIWA haliingii kwenye safu nyembamba, na programu isiyojua silabi za Kiswahili italikata popote, hata mahali ambapo msomaji wa Kiswahili hawezi kupumzikia. Rangi nayo ina yake: buluu inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta hufifia ikichapwa kwa wino nne za mashine, na mteja atamlaumu mchoraji asipoonywa mapema. Ukingoni lazima rangi ipite mstari wa kukata kwa milimita 3 hivi, la sivyo kisu kikiyumba kidogo kadi hutoka na ukanda mweupe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ambacho mteja huagiza. Vyote hufanywa na mtu anayejali, na kujali kunataka muda.

Muda huo ndio anaoukosa mchoraji ambaye kodi ya nyumba inangoja oda ya leo. Mteja akitaka fonti tano kwenye bango moja, ataziweka. Akitaka nembo ya kampuni nyingine ibadilishwe rangi tu, ataibadilisha, na akitaka kazi bila kutanguliza kianzio, atakubali na kuomba Mungu. Simlaumu, kwa sababu njaa haina hiari. Mwenye mshahara anaweza kumweleza mteja kwa upole kwa nini nembo ya wizi itamletea aibu, na mteja akishikilia, wakaagana kwa amani. Historia ya sanaa yetu ina mfano wa karibu. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alikuwa na ajira ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili huku akiendelea kuchora muda wake wa ziada. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Ajira yake ya hospitali haikumzuia kuwa mwanzilishi.

Wapo watakaosema mshika mawili moja humponyoka. Hoja hii ina uzito na inajibiwa kwa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ondoa saa 8 za usingizi kila usiku, zinabaki 67 za familia, ibada, safari na mapumziko. Anayechukua oda sita kutoka humo ataiba ama usingizi wake ama muda wa mwajiri. Anayechukua moja au mbili anaweza kuzimaliza vizuri. Mwajiri pia ana haki zake: kompyuta yake, programu alizolipia na wateja wake si vya kazi ya jioni. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamhesabu mwajiri kuwa mmiliki wa kazi iliyofanywa katika ajira, kwa hiyo anayechanganya faili za mchana na za usiku anaweza kujikuta anabishania nembo aliyoichora mwenyewe. Kusoma mkataba wa ajira kabla ya kupokea oda ya kwanza ni sehemu ya ufundi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wachoraji wanaoishi kwa kazi hii peke yake. Wanasema wenye mishahara hushusha bei kwa kuwa hawaitegemei. Wana haki ya kulalamika. Mwaka 1971 Carolyn Davidson, mwanafunzi huko Portland, Marekani, aliichora alama ya Nike kwa dola 35. Malipo yale yanaonyesha jinsi bei ya siku ya kwanza inavyoweza kuachwa mbali na thamani ya mchoro. Kwa sababu hiyo, mwenye mshahara ndiye anayewajibika zaidi kutoza bei kamili. Yeye anaweza kumpoteza mteja na bado akala, kwa hiyo ana nafasi ya kushikilia bei ambayo mwenzake analazimika kuilegeza. Akitoza nusu, anautumia mshahara wake kumnyonga mwenzake. Akishikilia bei na ubora, anawalinda wote wawili, na mteja anajifunza kwamba mchoro mzuri una gharama yake. Hapo ndipo kazi ya jioni inapostahili heshima, na hapo ndipo mwenye mshahara anapopaswa kupimwa: ni oda ngapi mbaya alizokataa, na ni bei gani aliyoisimamia.