Kipeo na Kipeuo: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Hisabati

Ng'ambo ya mkondo kutoka Kilwa Masoko, katika magofu ya Husuni Kubwa ya karne ya 14, limo birika lenye pande nane. Haidaiwi hapa kwamba waashi wake walitumia aljebra. Lakini umbo hilo lafaa kupimia istilahi za hisabati ya Kiswahili.

Tuseme fundi ana mraba wenye upande wa pima 2, naye ataka kukata pembe zake nne ili zibaki pande nane zilizo sawa. Akipunguza x kila upande wa pembe, upande uliosalia ni 2 − 2x, na mraba wa mkato wa mshazari ni 2x². Basi (2 − 2x)² = 2x², yaani x² − 4x + 2 = 0. Kanuni ya jumla ya mlinganyo ax² + bx + c = 0 ni x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Ndani ya alama ya kipeuo hupatikana 16 − 8, yaani 8. Na kwa kuwa 8 ni 4 mara 2, √8 hurahisishwa kuwa 2√2. Majawabu ni 2 + √2 na 2 − √2. La kwanza hupita upande wenyewe, kwa hiyo halifai. La pili, kama pima 0.59, ndilo alitakalo fundi.

Ugumu huanza kanuni isomwapo kwa sauti. Kipeo cha pili cha 8 ni 64. Kipeuo chake cha pili ni 2√2. Irabu moja ikimezwa, mwanafunzi hupata 34 na −30 kwa umbo la pima 2.

Hata hivyo, neno kipeuo halikuundwa ovyo. Lina ile -u- ya kupindua tuionayo katika funga na fungua, ziba na zibua. Maana yake imo katika umbo lake. Wanaopendelea mzizi, wakifuata jidhr ya Kiarabu, hurudisha utata mwingine, kwani Kiingereza huita kwa neno moja mzizi wa namba na jawabu la mlinganyo. Kiswahili kimekwisha kuyatenga hayo mawili.

Kosa, basi, si la kipeuo, bali la kukiweka karibu na kipeo. Dawa ni nyepesi: palipo na b², isemwe mraba wa b, na kipeo kiachiwe nguvu za juu zaidi.

Jambo hili si dogo. Mtoto wa Kilwa Masoko hujifunza kipeuo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na kanuni hii sekondari kwa Kiingereza. Istilahi isiyosikika vema haimfikishi ng'ambo. Naye hulaumiwa kwa kutojua hesabu, kumbe hakusikia irabu.