Kijiji cha Japani, Kijiji cha Uingereza na Swali la Ihanda

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kukieleza kijiji cha Uingereza kana kwamba ndicho kijiji cha dunia nzima. Kabaila aliweka ua, mkulima akafukuzwa, aliyefukuzwa akauza nguvu zake kiwandani, na ubepari ukazaliwa. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba ujamaa wa Ulaya ulitokana na mapinduzi hayo ya kilimo na ya viwanda, na kwamba Afrika haikuyapitia. Sisi wakufunzi tumeikariri nusu ya kwanza ya hoja hiyo, ya pili tumeisahau.

Kwa sababu hiyo kitabu cha Alan Macfarlane, The Savage Wars of Peace, kilichotoka mwaka 1997, kinastahili kusomwa na makada. Mtaalamu huyu wa Cambridge ameziweka Uingereza na Japani bega kwa bega, akauliza imekuwaje visiwa hivi vikapunguza vifo vya vita, njaa na magonjwa mapema kuliko nchi nyingi. Majibu yake ni mambo ya kila siku: chai ya maji yaliyochemshwa, kuoga, nguo, nyumba, na jinsi Wajapani walivyokusanya kinyesi cha mijini na kukipeleka mashambani kuwa mbolea. Hapo tumejifunza. Kada anayedhani siasa ni hotuba tu, na habari ya choo cha kijiji ni ya bwana afya peke yake, asome sura hizo.

Lakini kitabu kinauliza watu walikufa kwa nini. Hakiulizi kwa uzito ule ule mpunga ulikuwa wa nani.

Norfolk, mwaka 1549, wakulima wakiongozwa na Robert Kett walibomoa nyua za makabaila. Walishindwa kwa silaha na Kett akanyongwa. Baadaye ua ukapewa baraka za Bunge, lililopitisha sheria kwa maelfu za kugawa malisho na mashamba ya pamoja. Huko mnyonyaji alionekana kwa macho.

Kijiji cha Japani chini ya utawala wa Tokugawa kilikuwa tofauti. Wengi wa mabwana wenye panga walikwisha kuhamishiwa miji ya ngome. Kodi ilidaiwa kwa kijiji kizima, na nyumba ziliunganishwa tano tano, moja ikikosa zote zinajibu. Msomaji atakumbuka nyumba kumi kumi, lakini asifurahi mapema: zile tano tano ziliundwa na watawala ili wakulima wachungane wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1643 serikali ilipiga marufuku kuuza shamba moja kwa moja. Je, unyonyaji ulikosa mlango? La. Mkulima aliweka shamba rehani kwa jirani mwenye akiba. Deni liliposhindikana, jirani akabaki na shamba, na mwenyewe akabaki kulilima kama mpangaji. Kodi ya fedha iliyoanzishwa mwaka 1873 ikaongeza kasi, na mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya ardhi ya kilimo ya Japani ililimwa na wapangaji.

Tuliyasema hayo Ihanda, wilayani Mbozi, katika semina ya mabalozi wa mashina. Unyiha wa zamani ulikuwa na ulezi wake na wahunzi wake wa chuma; ukoloni ukaleta masetla na kahawa, na vijana wakaenda kuchimba dhahabu Lupa na shaba ng'ambo ya mpaka. Habari za Norfolk zilisikilizwa kwa adabu, basi. Tulipofika kwenye rehani ya Kijapani ukumbi ulinyamaza, kisha mzee mmoja akasema: "Ndugu mkufunzi, huyo jirani tunaye hapa." Ndiye anayenunua kahawa ikiwa mbichi mtini, mwezi wa Januari, watoto wanapodai sare na madaftari, kwa bei anayoipanga yeye. Wenzetu wa Kagera biashara hiyo wanaiita butura. Mara nyingi ni mtu wa heshima, na mkopo wake huitwa msaada.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Hiyo ni kinga dhidi ya ua wa Norfolk. Dhidi ya jirani wa Kijapani ni dhaifu, kwani mavuno yanabadili mwenyewe bila muhtasari wa mkutano wowote. Na ushirika, ambao vyama vyake vikuu vilivunjwa mwaka 1976 kisha vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, usipokuwa na fedha ya kumkopesha mkulima mwezi huo wa Januari, unamkabidhi kwa jirani huyo huyo.

Mzee akauliza Wajapani walijinasuaje. Tukamjibu kwamba ardhi ya wenye mashamba iligawiwa wapangaji kuanzia mwaka 1946, nchi ikiwa chini ya jeshi la Marekani. "Sisi tusubiri jeshi la nani?" Semina iliendelea hadi magharibi, ikizungumzia mfuko wa mikopo wa chama cha msingi.