Boti ya Faiba Iking'aa, Iangalie Tena

Boti kuukuu ya faiba iliyowekwa sokoni mara nyingi humkuta mnunuzi ikiwa imelowa, na muuzaji anajua kwa nini. Jelikoti, lile gamba la rangi lililolala juu ya nyuzi za kioo, likipigwa na jua miaka mingi hutoa unga mweupe kama chokaa. Ukilimwagia maji, unga ule hautaonekana na rangi iliyokufa itafufuka. Subiri upepo wa kusi ukaushe ubavu, weupe utarudi mbele ya macho yako. Wapo wanaopaka dizeli au mafuta ya nazi badala ya maji, na hao hununua siku kadhaa za mng'aro badala ya dakika. Dawa ya hila zote mbili ni kitambaa cheusi kikavu: kisugue ubavuni kwa nguvu, kisha kitazame. Kikitoka na unga, jelikoti imechoka. Kikitoka na mafuta, aliyechoka ni muuzaji.

Gamba lenyewe ni jembamba kuliko wengi wanavyodhani. Ni resini ya poliesta iliyotiwa rangi, na kwa kawaida unene wake ni kati ya milimita 0.4 na 0.8. Miale ya urujuanimno huvunja uso wake kidogo kidogo, na ule unga ni mabaki ya kilichovunjika. Mwili ulio chini yake ni mgumu ajabu. Ray Greene wa Toledo, Ohio, alitengeneza boti ya faiba mwaka 1942, na zipo boti za miaka ya 1960 ambazo bado zinaelea. Ngozi ndiyo inayotangulia kufa, wala haioti upya. Kila anayeisugua anaondoa kitu kisichorudi, na hapo ndipo kipimo cha ustadi kilipo: fundi bora ni yule aliyeondoa kidogo kuliko wote na boti bado ikang'aa.

Kazi huanzia kwenye kuosha, na hata hapo ubora huonekana. Maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni na brashi laini vinatosha. Mchanga wa ufukweni hukwaruza. Steliwaya ni mbaya zaidi, kwa sababu huacha vipande vya chuma visivyoonekana ambavyo hewa ya bahari huvigeuza kutu baada ya siku chache. Ukiona vidoa vidogo vya hudhurungi vimetapakaa ubavu mzima, mahali pasipo na skrubu wala bolti, umeshajua boti ilisuguliwa na nini. Kutu nyepesi inayoshuka chini ya vyuma hutoka kwa ndimu. Ile sugu, pamoja na utepe wa manjano kwenye mstari wa maji, huhitaji asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu na hutakiwa kushikwa kwa glovu na kusuuzwa kabisa.

Mafundi wengi wa pwani walijifunza kwenye mbao, na elimu yao haihami yote. Jahazi lilichomwa kwa makuti chini ya tumbo kuua viumbe waliolishika, likapakwa deheni ya mafuta na chokaa chini na sifa, yaani mafuta ya samaki, juu. Faiba haivumilii moto hata kidogo.

Msasa ndio sehemu ya kukaa na kutazama. Fundi mwenye subira haanzi nao. Huchagua pembe isiyoonekana, hujaribu kompaundi laini ya kung'arishia, na ikishindwa ndipo hushika msasa wa maji: 600 au 800, kisha 1000, kisha 1500. Karatasi huizungushia kipande cha ubao au mpira, kwa sababu vidole huchimba mifereji. Kabla ya kila namba huchora mistari ya penseli juu ya eneo, na hubadilisha mwelekeo ili mikwaruzo ya namba iliyopita ijitambulishe. Maji yanayotiririka kutoka chini ya ubao ule huwa na rangi ya boti yenyewe. Kwenye boti nyekundu ni mekundu, utadhani pana machinjo. Rangi ile ndiyo unene unaokwenda zake, na fundi anayeiona na kupunguza nguvu ya mkono anastahili malipo yake.

Kazi ikishakwisha, usisimame katikati ya ubavu unapopendeza. Nenda kwenye kingo: pua ya omo, kona za sitaha, ukingo wa tezi. Mashine ya kung'arishia hula huko kwanza. Jelikoti iliyokonda huonekana kama wingu jeusi chini ya rangi, na iliyokwisha huonyesha nyuzi za kioo zenyewe. Baada ya hapo simama tezini, utazame kando ya ubavu kuelekea omo, utafute taswira ya mnazi au nguzo. Mnazi ulionyooka ni kazi ya ubao, na mnazi unaotetemeka ni kazi ya vidole. Jua la saa nne asubuhi litafichua miviringo ya mashine, ambayo kivuli cha banda huificha. Halafu chungulia chini ya raba ya ubavuni na kuzunguka vichwa vya skrubu. Kompaundi iliyokaukia humo haina madhara makubwa, lakini inasema fundi alikuwa na haraka.

Viraka vina hukumu yake. Jelikoti ya kawaida haikauki vizuri uso wake ukiguswa na hewa, kwa hiyo fundi huchanganya nta katika mkono wa mwisho au hufunika kwa karatasi ya plastiki. Kiraka kinachonata chini ya kidole baada ya siku mbili kilisahaulika kutiwa nta au kufunikwa, au hadena (kigumishi) ilipimwa kwa kubahatisha, wakati kiasi chake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu. Pitisha ukucha mpakani: usikwame. Rangi iamuliwe kiraka kikiwa kikavu, juani na kivulini. Boti nyeupe ya zamani imeshakuwa ya manjano kidogo, na weupe wa kopo jipya utapiga kelele juu yake. Kiraka kinachoonekana kutoka hatua mbili si aibu. Kinachoonekana kutoka gatini ni aibu.

Yapo magonjwa ambayo polishi huyafunika tu. Nyufa zenye umbo la nyota hutokana na kugongwa, na zile zinazokwenda sambamba hutokana na mwili kupindapinda. Malengelenge chini ya mstari wa maji, yanayotoa majimaji yenye harufu ya siki yakitobolewa, yanaonyesha maji yamepenya gamba. Maji ya bamvua kwenye pwani ya Afrika Mashariki hupwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo tumbo la boti linaweza kukaguliwa mchangani bila winchi. Gonga kwa sarafu hatua kwa hatua: mlio mkali ni uzima, mlio bubu ni tabaka zilizoachana.

Nta huja mwisho, na ndiyo inayodanganya zaidi kwa sababu siku ya kwanza kila nta hupendeza. Rudi baada ya mwezi, mwaga maji. Yakijikusanya matone na kuteleza, kinga ipo. Yakitandaa na ubavu ukafifia, ulilipia mafuta.

Kingo zikishaonyesha nyuzi, usimlipe mtu yeyote akuletee mng'aro mwingine. Pesa iende kwenye rangi ya poliyurethani, ile ya makopo mawili, na siku utakapoiuza boti hiyo mwambie mnunuzi kwamba imepakwa rangi.