Kipimo Kisichokubali Kubahatisha

Mtihani wa rangi ni rahisi kuutunga vibaya. Mwoneshe mtu kadi nyekundu na ya kijani, mwulize ipi ni ipi, na mwenye upungufu mdogo wa kuona rangi atajibu bila kukosea: moja imekoza, nyingine imepauka, basi kapata. Ameishi kwa ujanja huo tangu utotoni, mara nyingi bila kujijua. Kazi ya mtunga kipimo ni kuuzima.

Daktari Mjapani Shinobu Ishihara aliuzima vizuri mwaka 1917. Katika kurasa zake za nukta, kila nukta ina ukubwa wake na mkozo wake, kwa hiyo hakuna namba ya kufuatwa kwa weusi na weupe. Ukurasa wa kwanza, wenye 12, husomwa na kila mtu. Upo ili daktari ajue kwamba anayepimwa ameelewa swali na hamchezei. Kuna mwingine ambao mimi na wewe tutasoma 8, na mwenye upungufu wa nyekundu na kijani atasoma 3 bila wasiwasi wowote. Utunzi huo! Lakini kurasa zinakaririka, na hazielezi upungufu ni wa kiasi gani.

Kwa rubani, kiasi ndilo swali. Anapokuja kutua hukuta taa nne kando ya njia ya kutulia: mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko kwenye mteremko sahihi; nne nyekundu, yuko chini mno.

John Barbur na wenzake wa City University, London, wakishirikiana na mamlaka ya anga ya Uingereza, walianzia kwenye taa hizo. Kipimo chao, CAD, ni mraba kwenye skrini wenye vyumba vidogo vya kijivu, kila kimoja kikibadili mng'ao ovyo bila kutulia. Katikati ya vurugu hiyo kiraka cha rangi hafifu hukatiza kutoka kona hadi kona, nawe unabonyeza kitufe kimoja kati ya vinne kuonesha kilikoelekea. Ukipatia, rangi inapunguzwa. Ukikosa, inaongezwa, hadi kompyuta ifike mwisho wa uwezo wako. Kung'aa na kufifia hakukusaidii kitu, maana kila kitu kinang'aa na kufifia.

Alama 1 ni wastani wa kijana mwenye macho ya kawaida. Kadiri alama inavyopanda, upungufu unazidi. Mpaka wa kufaulu waliouweka ni 6 kwa mwenye upungufu wa upande wa kijani, na 12 kwa wa upande wa nyekundu. Mbona huyu wa pili kapewa maradufu? Kwa sababu taa nyekundu kwake imefifia, nyeupe inang'aa, na tofauti hiyo ipo kwelikweli pale uwanjani. Ujanja uliofukuzwa kwenye skrini ulirudishwa kwa hesabu, palepale unaposaidia kutua salama. Hapo nawavulia kofia.

Ripoti yao ya 2009 ilionesha kuwa takriban theluthi moja ya wenye upungufu husoma taa hizo sawa na wengine. Kwa hiyo, kijana uliyeangushwa na nukta, usichane fomu bado: iulize mamlaka ya anga ya nchi yako inakubali kipimo gani cha pili.