Matamvua ya Hanang na Mitindo ya Miaka ya 1920

Katika miaka ya 1920, wakati wasichana wa mijini Marekani na Ulaya walioitwa maflapa walipokata nywele, wakashusha mshipi wa gauni hadi nyongani na kupandisha upindo wake karibu na magoti, wanawake wa Kidatoga katika nyanda za Hanang na Mbulu walikuwa na vazi ambalo tayari lilikuwa limetimiza kwa ngozi kile ambacho mafundi wa Paris walikitafuta kwa hariri. Vazi hilo ni hanang'weanda, yaani sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, ambayo Wadatoga, wafugaji wanaoitwa Wamang'ati na majirani zao, huihusisha na uzazi na baraka zake.

Ngozi huwambwa, hukwanguliwa, kisha hupakwa mafuta na kufikichwa kwa mikono mpaka ilegee, na hapo ndipo huchanwa nyuzinyuzi kuwa matamvua marefu. Sifa ya fundi imo katika uchanaji huo, kwa kuwa utepe mpana mno hukaa mzito kama gome na mwembamba mno hujisokota na kukatika, ilhali ule uliopimwa sawasawa huchelewa kidogo nyuma ya mguu, kisha ukaufuata, hivi kwamba mwanamke anaporuka ngomani sketi humaliza kila mruko baada yake. Densi ya Charleston, iliyovuma Marekani kuanzia mwaka 1923, iliwadai washonaji jambo hilohilo, nao wakalijibu kwa matamvua ya hariri na safu za shanga.

Hata shanga zenyewe zilikuwa na asili moja, kwani viwanda vya kioo vya Bohemia na Venice viliuza Paris na vikauza pia Afrika Mashariki, ambako wafanyabiashara walizifikisha bara. Tofauti ilikuwa katika ushonaji: gauni la Paris mara nyingi lilitariziwa kwa sindano ya ndoana, ambayo hufunga mshono wa mnyororo kwa kasi ya ajabu, lakini uzi mmoja ukikatika safu nzima ya shanga huweza kumwagika. Zaidi ya hayo, hariri nyingi za wakati ule zilitiwa chumvi za madini ili ziwe nzito, na chumvi hizo zikazila taratibu, ndiyo maana makumbusho huyalaza magauni hayo badala ya kuyatundika. Ngozi iliyolishwa mafuta haina aibu hiyo.

Kuhusu wanaume maneno ni machache. Vijana wa Uingereza walivaa suruali pana za Oxford kuanzia mwaka 1925. Mdatoga alifunga rubega, yaani shuka lenye fundo begani, akashika mkuki uliofuliwa na wahunzi wa ukoo wa Gidang'odiga, na kwa unadhifu hakushindwa.

Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na katika kipindi hichohicho wafugaji nao walishinikizwa kuacha ngozi. Mavazi ya kwanza yalihukumiwa kuwa ya kigeni, ya pili kuwa ya kizamani, na hakuna aliyeuliza yalivyoshonwa. Vyuo vinavyofundisha ushonaji mkoani Manyara vingefanya vyema kuwaalika wanawake wanaojua bado kuchana ngozi hiyo, wafundishe wakiwa hai.